Jina la Kipandio Kikongwe

Sogeeni, wenye masikio na wenye ubishi. Hadithi hii haimtaki anayesinzia.

Kando ya Mto Luhangi, Umatengoni, waliishi watatu wenye vipaji. Osmunda, mfinyanzi, vidole vyake viliujua udongo kama mama ajuavyo paji la mwanawe. Kastori alichimba visima, wala hakuna ardhi iliyomshinda. Filothea, mjamzito wa miezi minane, alikuwa ameshakula udongo wa bonde zima, na ulimi wake haukosei.

Mto ule, ulipokata bonde hapo kale, uliacha vipandio, yaani ngazi za ardhi tambarare: vitatu mashariki, walikoishi hao, viwili ng'ambo, magharibi. Akaja mtaalamu wa udongo, Bwana Ndimbo, akitaka kujua vipandio vipi ni marika na kipi kikongwe kuliko vyote. "Atakayenijulisha," akasema, "atakipa kikongwe jina, nami nitaliandika kwenye ramani."

Moyo wa Osmunda ukaruka. Marehemu mama yake, Edeltruda, alichimba udongo kwenye kipandio cha juu cha mashariki miaka arobaini. Mafuriko yakaja yakachukua kaburi lake lililokuwa kando ya mto, msalaba na yote. Osmunda alilitaka jina lile liandikwe mahali, hata machozi yakamlenga.

Ndimbo akaanza kuchota udongo wa juu mashambani. Kastori akaangua kicheko. "Mtaalamu, haya ni mashimo ya ngoro, kilimo chetu! Kila msimu tunafukia majani, tunapindua. Huo umeshavurugika." Akachimba hadi kifuani, kwenye vipandio vyote vitano, akatoa udongo usioguswa na jembe; Ndimbo akautia mifukoni na kuandika kila mfuko ulikotoka.

Mvua ikanyesha, ikafuta maandishi kwenye mifuko. Ndimbo akashika kichwa. Filothea akaonja mmoja mmoja. "Huu wa kwetu, juu. Huu wa ng'ambo, chini. Na huu, jamani, niongezeeni!"

Osmunda akaukanda. Udongo kijana una punje za ulanga, madini yanayometameta, zinazokwaruza. Mkongwe, ulanga wake umeoza ukalainika. "Kimo kimetudanganya," akasema. "Cha juu cha ng'ambo ni rika la cha kati cha huku. Cha juu cha kwetu hakina mwenzake. Ndicho babu yao." Ndimbo akachungulia kwenye hadubini, madini yakasema vilevile. Vigelegele!

"Kiitwe Edeltruda," akasema Osmunda.

"Dada, bila jembe langu ungekanda matope ya ngoro. Kiitwe Kastori, niringe ningali hai."

"Na bila ulimi wangu mngemwita mjukuu babu," akasema Filothea, mkono tumboni. "Kiitwe jina la mwanangu."

"Jina gani?" akauliza Ndimbo.

"Sijui bado. Ramani isubiri!"

Wakacheka wote, Osmunda naye. Ramani ina nafasi ya jina moja tu, na Ndimbo keshafungua kalamu.

Haya, mlioketi hapa: mngemwambia aandike jina lipi? Na hao wawili watakaokosa mngewatazamaje usoni?