Shanga za Bi Kiboko

Hapo zamani za kale, kabla Kiboko hajavua nguo zake zote na kuhamia mtoni, Bi Kiboko alikuwa na nyumba ya maana yenye baraza pana, na alifuga chatu.

Si chatu wa kuokota njiani! Chatu wa ukoo bora, mrefu, anayeng'aa kama sufuria mpya. Alimpa jina la Mkufu, maana akienda kwenye shughuli za watu alimvaa shingoni, na kila mwanamke wa mbugani aliumia roho. Hasa Bi Kifaru.

Sasa, kufuga chatu kuna masharti, na Bi Kiboko aliyajua masharti hayo kuliko alivyojua majina ya watoto wake. Mkufu alilishwa nyumbani tu, mwezi ukiandama. Alipewa chakula kwa koleo, si kwa mkono, maana mkono ukinukia kitoweo, chatu hajui kama huo ni mkono. Na akishameza, haguswi! Habebwi, havaliwi, hatekenywi. Analala juani kwenye jiwe lake mpaka tumbo lirudi bapa.

"Chatu aliyeshiba ni mtungi uliojaa," Bi Kiboko aliwaambia majirani. "Ukiutikisa, utaona kilichomo."

Na sharti la mwisho lilimhusu Mkufu mwenyewe. Siku atakayokula nje, hata kipanya kimoja, kazi imekwisha. Arudi porini akajitafutie.

Jirani yao alikuwa Sange. Kama hamumjui, ni kile kinyama kidogo kama panya, chenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga uliopotelewa na tembo wake. Mdogo, lakini maneno! Angeweza kumuuzia samaki maji.

Asubuhi moja alijiwa na Bi Kanga, mwimbaji wa harusi, amejipodoa mpaka madoa yake yanameremeta.

"Jirani, leo naimba kwa Bwana Nyati, anamwoza binti yake. Na wanangu wamekaribia kuanguliwa, nawasikia wanagonga ndani ya mayai. Utanilindia?"

"Nenda, mama. Nikilinda mimi, hata upepo unabisha hodi."

"Usilale."

"Nilale? Mimi? Unaliona jicho hili? Halijafumba tangu masika ya mwaka juzi!"

Bi Kanga akaenda zake. Jua likapanda. Kivuli kilikuwa kizuri, majani laini. Sange akafumba jicho moja ili kulipumzisha. Lile la pili likaona wivu.

Khoroo... fiiii! Khoroo... fiiii! Pua ndefu, mkoromo mrefu.

Alipoamka, kiota kilikuwa kitupu.

"Mama yangu wee!"

Hapakuwa na hata yai moja. Palikuwa na mburuzo tu kwenye vumbi, kama mtu aliyepita akivuta kamba nene. Sange akaufuata mbio, vupu, vupu, vupu, mpaka uani kwa Bi Kiboko. Na pale juu ya jiwe alilala Mkufu, macho yamelegea, na tumboni mavimbe ya mviringo yamejipanga kuanzia karibu na shingo mpaka katikati.

"Mkufu! Umekula nini?"

"Mimi? Sijala kitu."

"Na hayo mavimbe?"

"Gesi."

"Gesi gani inapanga foleni?"

Mkufu akapiga mwayo. "Sikiliza, kipua. Kamwambie Bi Kiboko kwamba nimekula nje. Na mimi nitamwambia Bi Kanga kwamba mlinzi wake alikuwa anakoroma. Tuone nani atalia zaidi."

Sange akanywea. Mnajua ni kwa nini Ngiri ana vinundu usoni? Siku moja alikanyaga kiota cha Bi Kanga kwa bahati mbaya. Bahati mbaya tu! Basi Sange akaishika pua yake kwa mikono miwili, akaiona ilivyo ndefu, ilivyo laini, ilivyo rahisi kudonolewa. Na wale watoto walikuwa mle ndani, wanagonga gizani. Kabla jua halijatua mama yao angerudi.

Kumnyang'anya chatu? Kwa nguvu gani? Ndipo akaukumbuka ule mtungi.

Kwiiik! Mlango ukafunguka. Bi Kiboko akatoka amevaa gauni la kuendea harusi kwa Bwana Nyati, anahema.

"Sange, unafanya nini kwa Mkufu wangu?"

"Nashangaa tu, Bi Mkubwa. Hongera sana! Wengine hufuga chatu mpaka wanazeeka wasiione siku hii."

"Siku gani?"

"Hee! Huoni? Ameota shanga!"

Bi Kiboko akainama, gauni likalia trrr mgongoni. Akayatazama yale mavimbe yaliyojipanga. "Shanga?"

"Chatu wa ukoo bora, akikomaa, huota shanga chini ya ngozi. Wa mitaani hawaoti. Na shanga, Bi Mkubwa, hazivaliwi shingoni. Mahali pa shanga ni kiunoni."

Bi Kiboko alianza kutabasamu, kisha akakumbuka masharti yake. Akakunja uso. "Ngoja kwanza. Mkufu, umekula wewe?"

Mkufu akamtazama Bi Kiboko. Akamtazama Sange. Akisema ndiyo, kazi imekwisha, na jiwe la juani kwaheri.

"S... sijala, mama."

"Basi hivi ni nini?"

"Ni... sha... shanga."

"Lelelelelele!" Bi Kiboko akajipigia kigelegele mwenyewe. "Leo Bi Kifaru atarudi kwao analia! Njoo kiunoni, mwanangu!"

"Taratibu, mama, taratibu..."

"Pambo halisemi!"

Akamzungusha kiunoni. Kiuno cha Bi Kiboko si kiuno cha mchezo, wanangu. Mkufu alivutwa, akavutwa tena, mpaka kichwa na mkia vikakutana kwa shida kule nyuma, na hapo akafungwa fundo. Kichwa kikabaki kinaning'inia mgongoni, ulimi nje.

"Na mimi nitakufuata nyuma na ungo wa asumini," akasema Sange. "Mwenye shanga kama hizo haendi bila wa kumbebea maua."

Akaujaza ungo asumini mpaka ukawa laini kama godoro, akamfuata, macho hayatoki kwenye kile kichwa.

Kwa Bwana Nyati ngoma ilikuwa imekolea. Ti-ki-ti, dum! Ti-ki-ti, dum! Bi Kanga amesimama katikati, sauti inapasua mawingu. Bi Kiboko alipoingia, watu wote wakageuka.

"Jamani, shanga zile!"

"Kubwa kama ngumi!"

Bi Kifaru alimeza mate. Bi Kiboko akapita mbele yake mara ya kwanza, akapita tena, kisha akaingia uwanjani kucheza. Lakini alicheza kwa madaha, kikubwa, kiuno kinakwenda taratibu kama mashua iliyofungwa. Mkufu kule nyuma akaanza kupata usingizi.

Sange akatokwa na jasho. Mtungi hautikisiki! Akapanda juu ya kinu, akamnong'oneza Bi Kiboko sikioni.

"Bi Mkubwa, nisikuudhi. Bi Kifaru anasema shanga zako ni za kubandika. Eti ndiyo maana unacheza kama mgonjwa, unaogopa zisidondoke."

"ANASEMAJE?"

"Mimi sisemi kitu. Mimi ni wa maua tu."

Bi Kiboko akavua viatu. Akavitupa. "Mpiga ngoma! Umekula au hujala? Ongeza!"

Tikiti-tikiti-dum! Tikiti-tikiti-dum! Kiuno kikaanza. Kushoto! Kulia! Vumbi likapanda, vikombe vikacheza kwenye sahani, bwana harusi akamkamata bibi harusi asianguke. Mkufu macho yakamtoka.

"Ma... ma... mama... nishushe..."

"Pambo halisemi!"

"Mama, nata... nata..."

Gwaaaa!

Po! Yai la kwanza likatua kwenye asumini. Po! La pili. Sange akakimbia na ungo kushoto, kiuno kikaenda kulia. Akakimbia kulia, kiuno kikaenda kushoto. Po! Po! Po! Hakuangusha hata moja, na hata kama lingeanguka, ganda la yai la kanga ni gumu kama kokoto.

Ngoma ikanyamaza. Kiuno cha Bi Kiboko kikabaki na chatu bapa, mwembamba, analia kwikwi.

"Ala!" akasema Bi Kifaru, polepole, ili wote wasikie. "Shanga zimekatika."

Kicheko kilichopasuka hapo, mpaka Twiga aliyekuwa mbali alikisikia. Bi Kiboko alifungua mdomo, na mdomo wa Kiboko ukifunguka mnaujua ulivyo. Sange akamuwahi. Akauinua ungo juu ya kichwa, akaupeleka mbio mpaka miguuni pa mwimbaji.

"Tuzo! Tuzo! Bi Kiboko anamtuza Bi Kanga! Amezificha zawadi ndani ya pambo, hakutaka kujionyesha! Pigeni vigelegele!"

"Mimi?" akasema Bi Kiboko. Akawatazama watu. "Aa, ndiyo. Ndiyo! Namtuza."

"Lelelelelele!"

Bi Kanga akainama, akayatazama mayai. Akageuza shingo, akayatazama kwa jicho la pili.

"Mbona yanafanana na yangu?"

"Kitu kizuri hufanana na kizuri, mama."

"Mbona yamelowa?"

"Manukato ya ng'ambo hayo."

Sange alikuwa tayari anarudi kinyumenyume. Hatua moja tu ilibaki apotee kwenye umati, pua yake salama, kazi safi.

Kra! Yai moja likapasuka. Kikatoka kichwa kidogo kilicholowa, kikapepesa macho.

"Mama! Kule ndani tulibanwa!"

Kra! Akatoka wa pili. "Na kulikuwa kunacheza!"

Kra! Akatoka wa tatu, mdogo kuliko wote, akatazama huku na huku, mpaka akaisikia ile pua ikihema.

"Mama, mama! Yule mjomba analia hivi: khoroo... fiiii!"

Na wote pamoja, wakiwa bado na vipande vya maganda vichwani, wakaitikia kwa furaha: "Khoroo... fiiii! Khoroo... fiiii!"

Bi Kanga akanyanyua shingo. "Sange."

"Bee, mama?" Alitishika mpaka akasahau kuwa ni mwanamume.

"Hebu lete hiyo pua."

Vuuuupu! Tangu siku hiyo Sange hatembei, anakimbia. Nendeni porini mkaone: ana vijia vyake chini ya majani, na kila asubuhi anavifagia, anaondoa kila kijiti, asije akajikwaa siku Bi Kanga atakapotokea. Bi Kiboko kwa aibu alihamia mtoni, akabakiza macho tu juu ya maji. Na Mkufu alifunguliwa fundo lake palepale uwanjani, akaambiwa porini ni kule.

Kwa hiyo, wanangu, nyoka akishashiba mwacheni alale. Anayelinda ndiye asilale.