Bi Nguchiro na Simbi Sita

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi wanyama walipopigiana hodi na kukaribishana uji, gulio lao lilipagawa na simbi, vile vijigamba vyeupe vya pwani. Huzili, huzivai, lakini kila mtu anazitaka, ati kesho zitapanda bei!

Bi Nguchiro alikuwa mjane mwenye watoto watano. Ghalani kwake lilibaki vumbi, na simbi sita alizoachiwa na marehemu. Mtama wote ulikuwa kwa wakubwa wawili, Mzee Kifaru na Bwana Fisi. Aliwaomba kibaba kimoja tu. Wakamcheka!

Sasa, kila gulio Kobe alichora bei kwa mkaa kwenye kichuguu. Bei ikipanda, alama juu; ikishuka, chini. Kifaru alitazama alama tu.

"Maneno ya watu sisikilizi! Mara tatu bei imefika begani mwa kichuguu ikaporomoka. Siku ikivuka bega, inapaa hiyo! Phuu!"

Fisi naye alitegemea soga za kisimani. "Mkaa? Mvua inafuta! Mimi nasikiliza watu wanataka nini."

"Kumbe kila mmoja ana nusu tu ya akili ya soko," Nguchiro akajisemea.

Akangoja hadi bei ikafika begani. Siku hiyo akaenda kisimani, simbi moja kaificha mdomoni, shavu limevimba tututu.

"Una nini, dada?" Fisi akauliza.

"Jino, kaka."

"Jino linang'aa hivyo? Hebu! Simbi hiyo! Niuzie."

"Siuzi mpaka Mzee Kifaru apite."

"Kifaru? Nakupa vikapu vinne vya mtama!"

"Lo, unanionea mjane. Haya, chukua."

Vikapu vinne! Kobe kwaru, kwaru, alama ikavuka bega. Kifaru alipoiona, gidi gidi gidi, mpaka kwa Nguchiro.

"Mwanangu, una simbi?"

"Shikamoo, babu. Nakupa mbili tu."

"Kila moja vikapu kumi, ghala langu lote!"

Kisimani kukalipuka. Fisi akaruka: "Hata Kifaru asiyesikiliza mtu ananunua!" Akazichukua tatu zilizobaki, akamwaga ghala lake lote.

Gulio lililofuata, Fisi akaita, "Simbi! Simbi!" Nani anunue, na mtama umekwisha? Kobe akaishusha alama hadi chini kabisa.

"Lakini ilivuka bega!" Kifaru akanguruma.

"Ilivuka kwa sababu nilinunua mimi!" Fisi akajibu.

"Na wewe ulinunua kwa nini?"

"Kwa sababu ulinunua wewe!"

Wakatazamana. Matumbo yakalia kururu. Wakaenda polepole hadi mlangoni kwa Nguchiro.

"Hodi, mama."

"Karibuni, wakubwa zangu," akasema, watoto nyuma yake wakitafuna. "Mtama upo tele. Ila kuomba hapana, leo nauza."

Basi, wajukuu, sokoni tazama alama na usikilize watu, la sivyo utajikuta unanunua pupa yako mwenyewe.