Tui Lililokatika

Mko macho? Basi nipeni masikio, nami niwape zimwi.

Mize alikaa na mama yake kando ya msitu wenye zimwi la kujigeuza. Alasiri moja alirudi kutoka kisimani akamkuta mama jikoni, ilhali mama alisema atashinda shamba mpaka magharibi. Mize akatazama uso: wa mama. Akasikiliza sauti: ya mama. Akatazama kovu kidoleni: lipo. Wasiwasi usimtoke.

"Mama, tui nimeshakamua, zito lile na jepesi hili. Niungie mchuzi leo."

"Lete, mwanangu, njaa inaniuma."

Wapishi, utazameni mkono huo! Ulichukua tui zito, ukalimwaga lote juu ya mboga mbichi, ukaliacha lichemke bila kukoroga. Tui likakatika, mafuta mbali, maji mbali.

"Nafuata kuni," akasema Mize. Akatoka, akakomea mlango kwa nje, akatimua mbio. Nyuma yake akasikia paa likipasuka.

Njiani akamwona mama mwingine, ana mzigo wa mihogo kichwani. Mize akasimama mbali.

"Tui lipi linatangulia?"

"Jepesi. Zito mwisho, na mkono usiache kukoroga. Nimekufundisha mara ngapi?"

Mize akamkimbilia huku analia. Mama akarudi nyuma hatua tatu.

"Simama hapo hapo! Na wewe, ukikuna nazi unaachia wapi?"

"Kabla sijafika kwenye kifuu, mama, tui lisije likawa jeusi."

Ndipo mama akautua mzigo. Nami nautua wangu.