Dole Gumba la Bibi Nakijwa

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na sungura, ni zamani hii ya juzi ambayo baadhi yenu mlishaota meno, palikuwa na chuo milimani. Kilifundisha watu kutunza wagonjwa na wazee majumbani. Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia akasinzie kwake.

Chuo kile kilikuwa na sharti moja. Mwanafunzi hakupata cheti kwa kujibu mitihani peke yake. Alipangiwa mgonjwa, akamtunza miezi sita, na mwisho wa miezi sita mgonjwa mwenyewe alichovya dole gumba kwenye wino akalibandika katika kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi. Maana yake: huyu amenitunza. Na kila mgonjwa alitoa dole mara moja tu kila miezi sita, kwa kitabu kimoja tu. Huko nyuma madole yalikuwa yanagawiwa kama peremende, wakapata vyeti watu wasiojua hata kumkalisha mgonjwa.

Mwaka ule wanafunzi wakawa wengi, wagonjwa wakawa wachache. Basi wanafunzi watatu wakapangiwa bibi mmoja.

Bibi huyo aliitwa Nakijwa. Alikuwa mjane, miguu imepooza. Alikuwa na watoto wanne, wote mbali, wote hodari wa kupiga simu sikukuu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, naye alitumia kitanda kimoja. Jirani alimchungulia akipata nafasi, na jirani mwenye shamba hapati nafasi. Bibi yule alikuwa mpweke sana. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulisema.

Asubuhi alikuja Mkunde. Mchana alikuja Mcharo. Jioni alikuja Nietiwe. Kitabu cha nyumba kilining'inia ukutani kwa uzi, na kila aliyekuja alijaza: Ameoga. Amegeuzwa. Amekula.

Mkunde alikuwa wa kwanza darasani. Mikono yake haikukosea. Siku ya kwanza alikuta kidonda cha kulala kwenye nyonga ya bibi, kirefu kama kijiko. Akakisafisha, akakifunga, akafunga kamba kwenye upande wa kitanda na kumfundisha bibi kuivuta ili ajigeuze mwenyewe usiku. Lakini Mkunde hakuwa na maneno. Alisema, "Shikamoo Bibi," akaitikiwa, kisha akasema, "Geuka," na baada ya hapo, "Kwaheri." Akajaza kitabu: Ameoga. Amegeuzwa. Amekula.

Mcharo alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitano. Alimuuguza mama yake miaka minane bila kufundishwa na mtu. Mama alipofariki, akaenda hospitali kuomba kazi ya kutunza wagonjwa, wakamuuliza cheti kiko wapi. Ndipo akaja chuoni kukaa dawati moja na watoto wa rika la wanawe. Alipika makande yaliyolainika vizuri, akambeba bibi hadi mlangoni awaone watu wakipita, akamwita mama. Sahani ilirudi tupu. Akajaza kitabu: Amekula.

Lakini mazoea yana taabu. Siku moja bibi alichoka, akasema hawezi kukaa. Mcharo akamnywesha uji akiwa amelala chali, kama alivyomnywesha mama yake miaka yote. Uji ukaenda njia ya pumzi. Bibi akageuka rangi. Mcharo akasimama na kikombe mkononi, hajui la kufanya. Bahati nzuri Mkunde alikuwa amerudi kufuata mkasi aliousahau. Akamwinua bibi, akamwinamisha mbele, akampiga kati ya mabega kwa kisigino cha mkono, moja, mbili, tatu, nne, uji ukatoka. Bila mafunzo ya Mkunde tungekuwa tunasimulia msiba.

Akabaki Nietiwe. Huyu mikono yake ilikuwa ya kushoto yote miwili. Bandeji aliifunga ikafunguka, shuka aliitandika ikajikunja. Alikuwa ametoka mbali, chuoni hakuwa na rafiki, na wenzake walimcheka. Jioni moja aliwahi kufika kuliko kawaida. Akamwona bibi, ambaye kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, akimwaga makande ya mchana nje, na kuku wa jirani wakipigana chini.

Akamuuliza kwa nini. Bibi akatazama pembeni kwa aibu. Akasema, "Mjukuu wangu, tangu mume wangu afe sijala na mtu. Mmoja ananilisha amesimama, mwingine ananihesabia matonge mawili matatu kisha ananiachia sahani. Chakula cha peke yangu hakishuki."

Mnaona kosa hilo? Wale wawili walitazama sahani, hawakumtazama bibi. Sahani ikiwa tupu, basi amekula. Bibi alikuwa anakonda na kuku walikuwa wananenepa.

Chuo kilikuwa kimekataza kabisa mwanafunzi kula chakula cha mgonjwa. Anayekula anafukuzwa. Nietiwe aliijua sheria hiyo. Kesho yake akaleta kijiko cha pili, akakaa kitandani, wakala sahani moja. Wakala na siku iliyofuata. Wakala miezi mitatu, tonge la huyu na tonge la yule, wakisimuliana mambo ya nyumbani kwao. Mkono wa bibi uliokonda ukarudi kuwa mkono. Kidonda, ambacho Mkunde alikuwa akikisafisha bila kuona mabadiliko, kikaanza kufunga. Nietiwe akajaza kitabu: Amekula. Hakuandika alikula na nani.

Siku ya dole ikafika. Mwalimu Elisifa, mama mkali aliyevaa miwani ya kamba, akaja na kibweta cha wino. Vitabu vitatu vikafunguliwa juu ya blanketi. Mwalimu akaeleza utaratibu. Atakayepata dole anapata cheti, na Jumatatu anashuka kwenda hospitali ya tambarare, ambako wameomba mtunzaji mmoja. Wawili watakaokosa wataanza miezi sita upya, hapahapa, kwa Bibi Nakijwa.

Bibi akauliza kama atakayepata cheti atakuwa anarudi huku. Mwalimu akamjibu kwamba mtu akishapata cheti, kazi yake ni huko alikopangiwa.

Kisha Mwalimu akawataka wale watatu waseme, kila mmoja kwa nini dole liwe lake.

Mkunde akasema, "Bibi, kidonda chako nilikiosha mimi. Siku uliyopaliwa, pumzi yako niliirudisha mimi. Maneno sina, na ninajua yalikupungukia. Lakini mtunzaji asiyejua kazi anaua huku anatabasamu. Dole ni langu."

Mcharo akasema, "Mama, nilikukosea, na siku ile nailaumu nafsi yangu mpaka leo. Lakini tangu siku ile sijamlaza mtu chali nikimnywesha. Kila ulichokula katika nyumba hii nilikipika mimi. Nimetunza miaka minane bila karatasi, na bila karatasi naambiwa sijui. Umri wangu hauningoji miezi sita mingine. Dole ni langu."

Ikafika zamu ya Nietiwe. Angeweza kuficha habari ya kijiko cha pili, na hakuna ambaye angejua. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nakula chakula cha Bibi. Alikuwa anakimwaga, nikala naye ili ale. Kama ni kosa, nifukuze. Lakini dawa ya Mkunde haikushika mpaka Bibi alipokula, na makande ya Mcharo yalikuwa yanaliwa na kuku. Aliyemfanya ale ni mimi. Dole ni langu."

Mkunde akamtazama Mcharo. Wote wawili wakatazama kitabu cha ukutani, zile Amekula zao zimepangana ukurasa kwa ukurasa.

Mwalimu akamgeukia bibi. Bibi akasema chakula kilikuwa chake, na mgeni alimkaribisha mwenyewe. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema basi kosa hilo anamwachia mwenye chakula. Akausogeza wino.

Lakini bibi alikuwa ameuficha mkono chini ya blanketi.

"Mwalimu," akasema, "hawa wamesema haki zao, niache na mimi niseme yangu. Nikimpa anayestahili, Jumatatu nampoteza. Nikitaka abaki, lazima nimnyime. Umenifundishia watoto hawa jinsi ya kunitunza, halafu umeniwekea wino niwafukuze kwa kuwashukuru. Sasa mimi nifanyeje?"

Mwalimu Elisifa akavaa miwani yake tena. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba dole si la kumchagua wa kubaki, ni la kusema ukweli. Bibi akamwambia ukweli anaujua, tatizo ni kwamba ukweli huo utamwacha peke yake kitandani.

Akatoa mkono. Akachovya dole gumba. Akaliinua juu ya vitabu vitatu, na wale watatu wakashusha macho, kila mmoja anataka liangukie kwake na kila mmoja anaona haya kulitaka.

Hapo ndipo mimi huishia. Nimewasimulia wengi, na wengi wamegombana. Waliosoma humpa Mkunde. Waliouguza wazazi wao humpa Mcharo. Wanaoishi peke yao husema Nietiwe, halafu hujirudi na kusema hapana, asimpe huyo, ampe yeyote ila huyo. Nami naishi peke yangu, kwa hiyo msiniulize.

Nawauliza ninyi. Je, nani alistahili dole lile? Na kama kitanda kile kingekuwa chako, ungempa huyo?