Kicheko cha Wachimbaji wa Nyasikavu

Mwaka huo mvua iliipita Nyasikavu bila hata kubisha hodi. Mto ukakauka. Samaki waliojua njia walihama, wasioijua wakaliwa na korongo. Simba, mwenye nchi, akaita baraza na kutangaza ujima: kila mnyama ashike zana au atumie alichoumbiwa, wachimbe lambo katika mkondo wa mto, ili vuli ikija ikute pa kulala. Sheria ilikuwa moja tu: asiyechimba hanywi.

Ngiri alifika wa kwanza. Ngiri ni mnyama wa kazi na wa manung'uniko, na vyote viwili huvifanya kwa bidii. Alipiga magoti kama ilivyo desturi ya ukoo wake, akazamisha meno ardhini, udongo ukaruka. Nyumbani mkewe na watoto walikuwa wakilamba mizizi. Kwa Ngiri, kukosa lambo ni kukosa watoto.

Nyasikavu ilikuwa na desturi. Mwenye kuita ujima hulisha wachimbaji, tena hula nao katika sinia moja. Simba aliwalisha vizuri, mihogo na kunde. Tatizo lilikuwa sauti yake. Aligawa mihogo kwa ngurumo. Aliyeomba kupumzika alijibiwa kwa ngurumo. Kobe alipoomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba wake, Simba alinguruma hata Kobe akaingia gambani na kushinda humo, akakosa mazishi na kazi pia. Twiga akaanza kuchelewa. Nyani akawa anaumwa mgongo kila jua linapochomoza.

"Nawapa mihogo, nawapa kunde," Simba alilalamika. "Wanataka nini tena? Niwaimbie?"

"Hapana, Bwana Mkubwa," alisema Sungura. "Ila ukinguruma, chakula hakishuki."

Maneno hayo yalimfikia Fisi. Fisi hakuwa amechimba hata kidogo. Alisema bado anatafuta kazi inayofanana naye. Alifika kwa Simba amevaa koti la mtu mwingine.

"Bwana Mkubwa," akasema, "wewe ni mfalme au mgawa mihogo?"

"Mfalme."

"Basi habari za mgongo wa Nyani zinakuhusu nini? Nikabidhi mimi mambo yote ya wafanyakazi. Chakula, mapumziko, ruhusa, malalamiko. Wewe panda kilimani ukae penye upepo. Kufurahisha wafanyakazi ni ufundi, na ufundi huo ni wa ukoo wetu."

"Nitajuaje kama wamefurahi?"

"Utawasikia wakicheka."

Simba akakuna ndevu. Lile neno "mfalme" lilikuwa limemwingia vizuri. Wakakubaliana palepale. Chakula kitapitia kwa Fisi, shida zitapitia kwa Fisi, hakuna mchimbaji atakayepanda kilima, wala Simba hatashuka kujichosha.

"Na ile desturi ya kula sinia moja?" aliuliza Sungura.

"Hata hiyo niachieni," Fisi akasema. "Nitakula kwa niaba yake."

Tangu Nyasikavu iwe Nyasikavu, hakuna ahadi iliyotimizwa kwa uaminifu kama hiyo. Fisi alikula kwa niaba ya Simba. Akishiba hapo, alikula kwa niaba ya waliochelewa, kisha kwa niaba ya waliopumzika. Jungu lilipowafikia wachimbaji lilikuwa na ukoko na harufu.

"Simba kapunguza," Fisi aliwaambia, akijipangusa mdomo. "Nimemsihi mpaka nimelia. Lakini msihuzunike. Huzuni imekatazwa."

Na kweli ilikatazwa. Kila adhuhuri Fisi aliwapanga wachimbaji, nyuso zikielekea kilimani, na kuwaamuru wacheke. Wanyama wakubwa walipewa "ha ha", wadogo "hi hi". Twiga, ambaye hana sauti, aliambiwa ajitikise. Nyani alicheka vizuri kuliko wote kwa sababu alikuwa Nyani. Fisi alipita mstarini akichungulia vinywa, kama mnunuzi wa punda.

Huko juu Simba alinyoosha miguu. "Sikia!" aliuambia upepo, maana hakuwa na mwingine wa kuongea naye. "Kumbe mambo yenyewe ni mepesi."

Siku moja Fisi alisimama mbele ya Ngiri.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna. Huu ndio uso wangu."

"Ubadilishe."

"Nimepewa na mama."

"Na mama yako naye alikuwa mwenye kununa?"

"Mama alikuwa mchangamfu kupita kiasi," Ngiri akasema. "Alikuwa hivihivi."

Mmoja mstarini akacheka kikweli. Fisi hakupenda. Kicheko cha kweli kilikuwa hakijapangwa.

"Sikiliza, Ngiri. Una uso wa mtu aliyetoka makaburini, unaharibu furaha ya wenzako. Kesho nikikukuta hujacheka, kazi huna. Na sheria unaijua."

Ngiri aliijua. Asiyechimba hanywi. Na nusu ya shimo lile ilikuwa imechimbwa na meno yake.

Jioni hiyo alijaribu kucheka nyuma ya kichuguu. Ilitoka sauti ya sufuria inayoburutwa juu ya mawe. Ndege wakaruka. Mkewe akatoka mbio kumuuliza anaumwa wapi. Akajaribu tena kwa kuonyesha meno tu, watoto wakakimbilia shimoni.

Alfajiri alimfuata Sungura.

"Ndugu yangu, nifundishe kucheka. Watoto wangu watakufa kwa kiu kwa sababu ya uso."

Sungura alimtazama uso ule kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu.

"Usicheke," akasema. "Leo nikisimamisha masikio, waongoze wenzetu kilimani, wewe mbele."

"Kilimani tumekatazwa. Na kwa uso huu?"

"Kwa uso huohuo. Wala usiunawe."

Ngiri hakuelewa. Lakini alikuwa hana akili nyingine ya kushika, akaishika ya Sungura.

Fisi alikuwa kandokando ya jungu, akila kwa niaba, Sungura alipomjia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ukoko bado."

"Sikuja kwa ukoko. Nimepita chini ya kilima, nimesikia maneno. Bwana Mkubwa anasema kicheko kimefifia. Lakini kikivuma leo mara mbili ya jana, ataongeza mihogo."

Fisi akaacha kutafuna. "Ataongeza?"

"Na kunde za nazi."

"Za nazi?" Fisi akawageukia wachimbaji. Mbavu zao zilihesabika kwa mbali. "Hawa hawana pumzi ya kuzima hata kibatari."

"Ndiyo shida yenyewe, mjomba. Ila nchi hii lipo koo moja lililoumbwa kwa kicheko. Simtaji mwenyewe, maana ni mnyenyekevu."

Fisi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Ukiingia chini kabisa kwenye shimo, kuta zitaikuza sauti," Sungura akaendelea. "Fumba macho, toa kicheko tumboni. Sisi tutakuitikia mwanzoni, lakini ukishapamba moto hutatusikia. Nani atasikika mbele yako?"

"Kweli," Fisi akasema. "Nani?"

Adhuhuri ikafika. Fisi akavua koti, akashuka shimoni, akafumba macho na kuanza. Kicheko kilitoka kama bawaba yenye kutu, kikapanda, kikagonga ukuta huu, kikarudi kikagonga ule. Wachimbaji wakaitikia kidogo. Fisi akaongeza. Mwangwi ukamrudia, akausikia, akauona mtamu, akaucheka na wenyewe. Sasa alikuwa anacheka kicheko chake mwenyewe, nacho kicheko kinamcheka yeye, na hapakuwa na sababu ya yeyote kunyamaza.

Sungura akasimamisha masikio.

Ngiri akatangulia. Nyuma yake Twiga, Nyani, Pundamilia, wote. Tembo alitembea kwa ncha za vidole, jambo ambalo nchi ile haikuwahi kuliona. Nyani alijiziba mdomo kwa mikono na miguu, akalazimika kubebwa.

Kilimani Simba alikuwa amelala chali, amefumba macho, akitikisa mkia kufuata kicheko. "Leo wamezidi," alikuwa akisema. "Leo ni kama arusi." Akafumbua macho. Mbele yake ulikuwa uso wa Ngiri.

"Nani kafa?" Simba akaruka wima. Kisha akawaona wengine. "Mmekuja kufanya nini? Rudini mkafurahi huko!"

Kutoka bondeni kicheko kikapanda: ha ha, hi hi, ha ha. Simba akatazama vinywa vilivyokuwa mbele yake. Vyote vimefungwa. Akatazama bondeni. Kicheko. Akatazama vinywa tena.

"Ninyi ni nani?"

"Wachimbaji, Bwana Mkubwa," alisema Ngiri.

"Wote?"

Kobe akatokeza kwenye ukingo wa kilima, akihema. "Sasa ndiyo wote," akasema.

"Na wanaocheka kule chini ni nani?"

Simba aliutazama tena uso wa Ngiri, safari hii kwa muda mrefu.

"Ngiri, una nini?"

Ngiri alishangaa kidogo. Tangu kazi ianze, hilo hakuwahi kuulizwa.

"Njaa, Bwana Mkubwa."

"Njaa? Na mihogo niliyotuma asubuhi?"

"Imeliwa kwa niaba yako."

Simba akafungua kinywa kunguruma, akaona Kobe anajiandaa kuingia gambani, akakifunga. Wakashuka pamoja.

Fisi hakuwa amesikia lolote. Alikuwa katikati ya shimo, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka. Kwa kuwa hakuitikiwa tena, alikuwa akijiitikia. "Sasa wakubwa! Ha ha! Sasa wadogo! Hi hi! Twiga, jitikise!" Akajitikisa. "Vizuri, Twiga!"

"Na mimi je?" Simba akauliza kutoka juu ya ukingo. "Sauti yangu nayo unaiweza?"

Fisi akafumbua jicho moja. Kicheko kilikuwa njiani. Kilifika kooni, kikageuza.

"Bwana Mkubwa! Nilikuwa… nilikuwa nafurahi kwa niaba yao."

Hapo kikazuka kicheko ambacho hakikupangwa na mtu. Tembo aliketi chini, kipande cha ukingo kikamomonyoka. Nyani aliyebebwa akaangushwa, na wote wawili, aliyebeba na aliyeanguka, wakagaagaa. Hata Twiga alijitikisa bila kuambiwa. Ngiri peke yake hakucheka. Alikuwa amekwisha piga magoti mbele ya jungu.

Simba akampa Fisi hiari: aondoke Nyasikavu, au achimbe mpaka lambo liishe, kinywa kikiwa kimefungwa.

Fisi akafikiri. "Wachimbaji wanakula?"

"Kuanzia leo, ndiyo."

"Basi nachimba."

Wakamweka kati ya Tembo na Ngiri, wamtazame.

"Sauti yangu naijua," Simba akawaambia wengine, na kulisema hilo kulimgharimu kama kung'olewa jino. "Kugawa nampa Kobe, ambaye hajawahi kukimbia na cha mtu. Shida zenu mwambieni Sungura, yeye ana masikio. Lakini kula nanyi, sitamtuma mtu tena."

Akaketi kwenye sinia. Akachukua muhogo, akautafuna kwa mateso makubwa, maana simba na muhogo si ndugu. Wachimbaji walimtazama, hawajui wale au wangoje.

"Samahani, Bwana Mkubwa," Ngiri akasema hatimaye. "Sogea kidogo. Umekalia kunde."

Simba akasogea. Mikono yote ikaingia kwenye sinia kwa pamoja.

Vuli ilipofika, ilikuta lambo tayari, ikalala humo, na watoto wa Ngiri walikuwa wa kwanza kuingia majini na kuyatibua. Na wakazi wa Nyasikavu, kila mkubwa anapotaka kuwatunza watu wake kupitia kwa mtu mwingine, humwambia: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.