Ukumbi Uliojaa Adabu

Ndugu zangu, kabla sijarudi kwenye somo letu, naomba twende wote kwenye mkutano mmoja. Si mkutano wa injili. Ni wa chama cha madaktari wa mifugo, hawa wanaotibu ng'ombe na mbuzi wetu, ambao hukutana mara moja kwa mwaka, wakavaa vitambulisho shingoni na kunywa chai kwa sambusa. Nimeutunga mimi mwenyewe, kwa hiyo msinifuate baadaye kuniuliza ulifanyika mji gani.

Katika chama hicho alikuwemo mama mmoja ambaye kituo chake kilikuwa mbali, huko ambako lami ilishakata tamaa zamani. Wilaya nzima, daktari wa mifugo alikuwa yeye tu. Wafugaji walimpenda, wakamletea maziwa, lakini mtu wa kuzungumza naye habari za kazi yake hakuwa naye. Akikwama, alijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mkutano wa mwaka aliusubiri kama watoto wanavyoisubiri Krismasi.

Halafu mama huyu alikuwa na kigugumizi. Mimi sitamwiga hapa mimbarani, nanyi mkifika nyumbani msimwige. Maneno yake nitawapa yakiwa mazima, ila jueni kwamba kila neno lilimtoa jasho.

Sasa, katika mkutano mmoja alisimama ukumbini kuuliza swali. Ndama wa wilaya yake walikuwa wanakufa. Walianza kuyumba, wakapofuka, wakawa wanasukuma vichwa vyao ukutani mpaka wanaanguka. Alikuwa amewatibu ndigana, ule ugonjwa wa kupe, akajaribu kila alichofundishwa, wapi! Akaanza kueleza, na kigugumizi kikamkamata katikati. Pale mbele alikaa mzee mmoja, bingwa wa fani ile, aliyewafundisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Mzee alipenda sana kuchekesha. Akachukua kipaza sauti, na badala ya jibu akamwigiza yule mama jinsi anavyokwama. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akakaa chini. Swali likaishia palepale, na ndama wakaendelea kufa.

Lakini hakunyamaza. Alikwenda kwa mwenyekiti akashtaki, kwa sababu chama kilikuwa na kanuni zake za mwenendo: kwamba mshiriki yeyote wa mkutano asidhihakiwe kwa maumbile yake, kabila lake, dini yake, wala namna anavyosema. Kamati ikakaa. Mzee akaambiwa aombe radhi, akaomba. Akapigwa marufuku pia kusema neno lolote ukumbini katika mkutano utakaofuata. Haki ikatendeka. Mngedhani hadithi imekwisha, sivyo?

Mwaka ukapita, mkutano ukafika. Asubuhi ya kwanza mwenyekiti akazisoma kanuni zote kwa sauti, na watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga. Wakati wa chai akaliendea kundi la watu aliosoma nao, waliokuwa wanacheka jambo fulani. Alipofika, kicheko kikakatika. "Karibu, daktari," wakasema, wakampisha kwenye sambusa. Mmoja akakumbuka ana simu ya kupiga. Mwingine akaenda kuongeza sukari, akapotelea huko huko. Kufumba na kufumbua mama yuko peke yake na kikombe chake mkononi.

Mchana ikawa vilevile. Meza ya watu wanane, kakaa yeye na viti. Waliopita walimsalimia vizuri, tena kwa cheo chake: "Habari za safari, daktari? Poleni na kazi, daktari." Zamani walikuwa wanamwita Mama Ndama, wakimtania kwamba amekuja mjini kunusa lami, na yeye akiwarudishia. Sasa hakuna aliyemtania na hakuna aliyemgusa bega. Wengine walimwogopa. Wengine, tuseme ukweli, walikuwa na kinyongo, maana yule mzee walimpenda, na sasa mzee wao alikuwa amekaa nyuma kabisa ya ukumbi, kimya, na wao walijua ni kwa sababu ya nani.

Mama alishindwa kuvumilia. Akamfuata rafiki yake wa tangu chuoni. Miaka yote hawa wawili walikuwa wanalala chumba kimoja mkutano ukija, wanapiga soga mpaka usingizi unawachukua. Safari hii rafiki alikuwa amechukua chumba chake peke yake.

"Mwenzangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mbona unanikimbia?"

Rafiki akaangalia pembeni. "Dada, siku hizi mtu akiongea na wewe anapima kila neno. Unatania kidogo, kesho uko mbele ya kamati. Bora mtu akae zake kimya. Lakini hebu niambie, mwaka huu kuna hata mmoja aliyekuvunjia heshima?"

"Hakuna."

"Basi."

"Ndiyo," mama akasema. "Basi."

Akaingia msalani, akalia, akanawa uso, akatoka. Ilimuuma kuliko kile kicheko. Siku ya kicheko alikuwa na mtu wa kumshtaki. Leo angekwenda kwa mwenyekiti aseme nini? Kwamba watu wamekataa kumtania? Nawauliza ninyi mnaopenda sheria: pale palikuwa na kanuni gani iliyovunjwa?

Siku ya mwisho ikafika zamu yake ya kutoa mada. Mada yenyewe ilikuwa lile swali lake, ndama wanaopofuka, kwa sababu bado walikuwa wanakufa na bado hakujua kwa nini. Alikuwa amejiambia moyoni: leo nisipopata mtu hata mmoja wa kusema na mimi, navua kitambulisho hiki, nakiacha mezani, na hapa sirudi. Akasimama, akaeleza. Kigugumizi kikamkamata kama kawaida yake. Safari hii hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyekohoa. Walimsikiliza kwa adabu mpaka neno la mwisho, wakampigia makofi marefu.

Mwenyekiti akauliza, "Kuna swali? Kuna mchango?"

Kimya.

"Hakuna kabisa?"

Kimya. Watu wanatazama viatu vyao. Nani ajitie kwenye mambo ya mtu wa kushtaki? Mama akaanza kukusanya vitu vyake, na mkono wake ukapanda shingoni, kwenye kamba ya kitambulisho.

Ndipo kiti kikakwaruza sakafu kule nyuma. Yule mzee alikuwa amesimama.

"Mzee wetu, tafadhali kaa," mwenyekiti akasema. "Uamuzi wa kamati unaujua."

"Naujua. Niongezeeni mwaka mwingine." Hakuwa na kipaza sauti. "Binti yangu, mwaka jana uliuliza swali. Mimi nikakijibu kigugumizi chako, swali lako sikulijibu. Mwaka mzima limenikaa hapa." Akajigusa kifuani. "Sasa niambie. Ng'ombe wakienda malishoni, hao ndama wanaobaki nyumbani wanalamba nini?"

Mama akafikiri. Akaziona zile nyumba za wafugaji, moja baada ya nyingine, pale kivulini wanapofungiwa ndama, na betri za sola zilizochakaa zikiwa zimerundikwa pembeni, nyingine zimepasuka.

"Betri," akasema. Neno lile lilichukua muda mrefu kutoka, na mzee akalisubiri mpaka likatoka lote. "Betri za zamani."

"Basi ni sumu ya risasi, ile iliyomo ndani ya betri. Nenda kaziondoe. Na ukifika nipigie simu, unieleze umekuta nini."

Mama akaushusha mkono kutoka kwenye ile kamba.

Ndugu zangu, ni wangapi mle ukumbini waliokuwa wanalijua jibu lile? Nimewaambia mzee ndiye aliyewafundisha nusu yao! Walilijua. Walikaa nalo, na makofi wakapiga. Katika ukumbi ule, aliyevunja kanuni alikuwa mmoja tu, tena akazivunja mara mbili, mwaka jana na mwaka huu. Wengine wote walikuwa safi. Na yule mama angekwenda zake akiwa ameuawa na watu safi.

Asije mtu akatoka hapa akasema mchungaji kasema kanuni hazina maana. Sikusema hivyo. Mama alifanya vyema kushtaki, na ukidhihakiwa katika usharika huu njoo ushtaki, mlango wangu uko wazi. Mzee aliadhibiwa kwa haki, na mimi nadhani ule ukimya aliopewa ndio uliomfanya alisikie swali. Ninachosema ni kwamba kanuni inaweza kukuzuia usimcheke mtu. Haiwezi kukuvutia kiti ukakae naye mezani. Hapo Mungu amekuachia wewe mwenyewe.

Na sisi je? Sisi hatutukanani hapa. Tunapeana mkono wa amani na kusalimiana Bwana asifiwe. Lakini yupo mtu kati yetu ambaye aliumizwa, akasema, tukamwambia umefanya vizuri kusema, jambo likashughulikiwa na wazee wa kanisa, na tangu siku hiyo benchi lake limekuwa pana. Simtaji. Sina haja, naona vichwa vimeshainama. Wala msigeuke kumtazama, tumemtazama vya kutosha. Tumemkosea nini? Hakuna kitu! Tunamsalimia vizuri sana. Kisha kila Jumapili anarudi nyumbani peke yake, anatembea nyuma yetu, anasikia tunavyocheka njia nzima.

Leo ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni kuwapa mkono, kama siku zote. Msije kwangu kwanza. Wala msimvamie wote kwa pamoja mkamtia aibu. Mmoja anatosha: amuulize swali, asubiri jibu, watembee wote mpaka njia panda. Mimi nitangoja na mkono wangu, hata kama ni mpaka mchana.

Tusimame.