Redio Inayojizima

Kulikuwa na bwana mmoja aliyeipenda redio yake kuliko watu wengine wanavyopenda watoto wao. Ilikuwa redio kubwa ya sebuleni, yenye amplifaya, na spika mbili zilizosimama pembeni kama askari wa zamu. Jumapili alfajiri akiifungulia nyimbo za dini, mtaa mzima ulijua kwamba nyumba ile ina Mkristo.

Basi redio ikaanza kujizima. Inaimba vizuri, kwaya haijafika hata kiitikio, kimya. Ukiiacha kidogo inawaka, ukikaa kitako imezima tena. Bwana yule akasema umeme ni mdogo, akanunua stebilaiza. Ikazima. Akasema nyaya za spika zimegusana, akazibadilisha zote. Ikazima. Mwishowe akaibeba mwenyewe kifuani mpaka kwa fundi, na pale kwenye meza ya fundi ikapiga asubuhi mpaka jioni bila kukohoa.

"Mzee, hii ni nzima," fundi akamwambia. "Labda tatizo liko huko nyumbani kwako."

Maneno hayo yakamwingia vibaya. Nyumbani kwake kulikuwa na nani? Yeye, mkewe, na dada wa mkewe, mjane aliyetolewa nyumbani kwake na ndugu za marehemu, akapokewa pale akiwa na begi moja. Bwana akapiga hesabu njia nzima, na hesabu ikakubali: redio ilianza kuzima wiki ileile shemeji alipoingia.

Hakungoja hata kunawa.

"Shemeji, humu ndani kuna mkono."

"Mkono gani, shemeji?"

"Unaochokonoa redio yangu nikiwa kazini. Kwa fundi inapiga, kwangu inazima. Au nyumba yangu ina jini?"

"Mimi naipangusa vumbi tu. Na kile kitambaa nilichokufumia kukushukuru, nakitandika juu yake kinyooke. Vifungo sivijui."

"Utavijulia wapi? Kwenu mlizoea redio ya betri mbili, mpaka muipige makofi ndiyo iseme."

Mkewe akaweka sahani chini. "Mume wangu, huyu ataenda wapi?"

"Atajua mwenyewe. Kesho asubuhi nisimkute."

Mjane akaondoka na begi lake. Jioni ile redio ikazima. Mnadhani bwana yule alishtuka, akamwita arudi? Alisema, "Ameshaiharibu."

Jumamosi mkewe akafua vitambaa vyote vya sebuleni, akavitia wanga, akavianika. Kutwa nzima redio ikapiga. Jioni akavirudisha kila kimoja mahali pake, na haukupita muda, kimya. Bwana akainuka kwa hasira, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakitoa haraka. Moto kama pasi. Akakifunua. Chini yake kulikuwa na matundu, yale ambayo mashine hutolea joto lake, na yote yalikuwa yamezibwa. Maskini redio ilikuwa inajizima isije ikaungua.

Mkewe alikuwa amekwisha kujifunga khanga. "Twende tukamchukue. Analala jikoni kwa mama mmoja anayekaanga maandazi."

Bwana akacheka. "Tukamchukue wa nini? Si nilisema ni yeye? Hicho kitambaa ni cha nani?"

Redio ilipowaka tena, akaiongeza sauti.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamkasirikia? Mimi namkasirikia kuliko ninyi. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Kitambaa kilikuwa cha mjane, na kilimzibia redio kweli. Neno moja lingetosha: shemeji, asante, hiki tukitandike mezani. Lakini yeye alikuwa anatafuta kushinda, na ameshinda. Redio inapiga, mwanamke analala penye moshi, na bwana wetu anaimba pamoja na kwaya huku machozi ya furaha yakimtoka.

Na sisi je? Msinitazame mimi, tazamaneni. Humu kanisani kuna mtu hajamsalimu mdogo wake tangu mazishi ya baba yao. Kuna aliyemrudisha mkwe wake kijijini. Ukimuuliza, kosa analijua vizuri, analisimulia bila kusahau hata nukta moja, na kosa lenyewe ni la kweli. Sawa, umeshinda. Hakuna anayekubishia. Yule mtu yuko wapi? Anakula wapi? Mungu akikuuliza hilo, utamwonyesha kitambaa?

Nasema waziwazi, na anayetaka kununa anune. Kwaya, naomba mkae, hakuna wimbo sasa. Sadaka haipiti. Kila mmoja anamjua wake, na njia ya kwenda kwake anaijua. Mlango uko wazi. Mimi nakaa hapa kwenye kiti hiki, na ibada tutaimalizia mkirudi nao.